Kifaru cha Kagera katika skeli ya 1:35: kujenga, kupaka rangi na kuchakaza

Ndugu Mwenyekiti, wajenzi wenzangu, na ninyi mliokuja leo kwa mara ya kwanza na boksi ambalo bado halijafunguliwa, karibuni sana.

Nitazungumzia kifaru kimoja tu, maana ushauri wa jumla haumsaidii mtu aliyeshika kisu na kipande cha plastiki mkononi. Kifaru chenyewe ni Type 59, nakala ya Kichina ya T-54A ya Kisovieti, iliyoanza kutengenezwa katika kiwanda namba 617 cha Baotou mwishoni mwa miaka ya 1950. Vifaru vya aina hii Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilivitumia katika Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Upande wa pili, jeshi la Uganda la Idi Amin, walikuwa na vifaru vya Sherman na T-55, na pale Lukaya nchini Uganda, Machi 1979, walikuwepo washirika wao Walibya na T-55 zao. Anayependa modeli katika nchi zetu ana mada nzuri sana hapa nyumbani, na inasikitisha kwamba meza zetu zimejaa Tiger na Panther za Wajerumani tupu.

Tatizo linaanza kwenye miongozo. Karibu yote iliandikwa kwa ajili ya matope ya Urusi na Ujerumani, yenye rangi ya kahawia ya kijivu. Mtu akifuata mwongozo huo neno kwa neno, anapata kifaru kilichopakwa vizuri ambacho hakijawahi kufika Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Kwa hiyo ninawaomba jambo moja katika kila hatua: kabla ya kuweka doa, jiulize limetokana na nini. Vumbi limetoka barabara gani? Rangi imekwanguliwa na kiatu cha nani? Doa lisilo na jibu msiliweke.

Tuanze na vipimo. Skeli ya 1:35, yaani modeli iliyo ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, ilianzia kwa kampuni ya Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipotoa Panther yenye mota. Ukubwa wa modeli uliamuliwa na mota na betri zilizopaswa kuingia ndani yake. Bodi ya Type 59 ina urefu wa mita 6.04, kwa hiyo modeli yako iwe na milimita 172 au 173 bila mzinga. Upana wa mita 3.27 unakuwa milimita 93. Gurudumu la milimita 810 linakuwa milimita 23. Hesabu muhimu kuliko zote ni hii: milimita moja mezani ni sentimita tatu na nusu uwanjani. Ukibandua rangi kwa upana wa milimita mbili, umechora jeraha la sentimita saba kwenye chuma. Punje ya mchanga yenye nusu milimita ni jiwe la karibu sentimita mbili. Makosa mengi ya uchakavu ni makosa ya hesabu hii.

Kuhusu boksi lenyewe: MiniArt na Takom wote wana Type 59 katika skeli hii. Kama duka lako lina T-55A ya Tamiya peke yake, ni modeli nzuri na inajengeka kwa urahisi, lakini utakuwa na kazi ya kuibadilisha. Type 59 ina kuba dogo la feni juu ya mnara, yaani kichwa kinachozunguka chenye mzinga, upande wa kulia mbele ya mfuniko wa mpakiaji, T-55 haina. Type 59 ina tundu dogo katikati ya bamba la mbele la bodi, ambamo bunduki ya rashasha ya milimita 7.62 inapigia; T-55A haina. Kuba unalitengeneza kwa kipande cha plastiki ya duara na puti, tundu unalitoboa kwa dirili ya mkono. Mambo ya kubaki kama yalivyo: pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili, ambalo ndilo kitambulisho cha ukoo mzima wa T-54, na ekzosi iliyoko nyuma kwenye madigadi ya kushoto. Hiyo ekzosi tutairudia.

Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote zinazoshika vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha ziache zikauke. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke, na mafuta hayo yakibaki rangi itabanduka na utepe baadaye. Kata kipande kwa koleo dogo ukiacha kishina cha milimita moja, malizia kwa kisu, kisha msasa namba 400 na 600. Ukikata usawa na kipande kwa mkato mmoja, plastiki hupasuka kwa ndani na kuacha alama nyeupe inayoonekana hata chini ya rangi.

Bodi ya chini ndiyo inayoamua kama kifaru kitasimama sawa. Gundisha mikono yote kumi ya magurudumu, chomeka magurudumu bila gundi, weka bodi juu ya kioo cha dirisha, na hakikisha yote yanagusa. Una kama dakika kumi za kurekebisha kabla gundi haijashika. Iache usiku mzima. Gundi yenyewe iwe ile nyembamba inayoyeyusha plastiki na kuiunganisha, inayoingia yenyewe kwenye ufa ukigusisha ncha ya brashi. Supagluu ni kwa ajili ya shaba na resini tu. Kwenye plastiki huacha ukungu mweupe pembeni na kiungo hukatika kikigongwa.

Sasa mnara, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo kifaru cha familia hii kinapopata uso wake. Mnara wa Type 59 ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu, na ngozi yake ina mikwaruzo na vinundu. Bodi ni mabamba yaliyoviringishwa, laini. Paa la mnara nalo ni bamba, vipande viwili vilivyolehemewa kwenye kuta za kusubu. Ukiacha vyote vitatu na ulaini uleule, au ukivipa vyote ukwaruzo uleule, rangi yoyote utakayopaka haitaokoa.

Chukua puti ya majimaji, ile wanayoiita Mr. Surfacer 500, ipake kwenye kuta za mnara kwa eneo dogo la sentimita mbili mraba, na papo hapo igongegonge kwa brashi ngumu uliyoikata nywele zikabaki fupi. Usiteleze brashi, iguse na kuiinua. Baada ya saa kadhaa, pitisha msasa wa 600 kwa wepesi ili vilele vishuke. Usipite kina cha milimita 0.1 au 0.2. Kina cha milimita nusu ni karibu sentimita mbili za shimo, na hakuna mkaguzi wa kiwanda angepitisha. Asiye na puti hiyo anaweza kupaka gundi nyembamba kwenye plastiki na kuigongagonga vilevile, ila plastiki iliyolainika inahitaji siku nzima kabla ya msasa, la sivyo inachubuka. Mishono ya kulehemu kuzunguka paa itengenezwe kwa uzi wa plastiki: pasha kishina cha fremu juu ya mshumaa, kivute kiwe kama milimita 0.4, kigundishe, kilainishe kwa gundi, kisha kikandamize kwa ncha ya kisu kila baada ya nusu milimita.

Nyavu za shaba za kifuniko cha injini zipashwe moto kidogo kwanza, zibadilike rangi, kisha zipoe zenyewe. Shaba hiyo inakunjika bila kuvunjika. Ifute kwa siki ili rangi ishike.

Minyororo. Type 59 na T-54 zina viungo 90 kila upande, vyenye upana wa milimita 580, yaani milimita 16 na nusu kwenye modeli. Viungo vya kuunganisha kimoja kimoja vinachosha, lakini ndivyo vinavyokubali kulala, na mnyororo huu hauna magurudumu madogo ya kuubeba juu, unalala wenyewe juu ya magurudumu. Ukinyooka kama ubao, kifaru kinaonekana cha kuchezea. Gundisha viungo vyote juu ya mkanda wa karatasi, subiri kama nusu saa vishike lakini vipinde, vizungushe kwenye magurudumu na gurudumu la meno, halafu sukumia vipande vya sponji kati ya madigadi na mnyororo ili ushuke juu ya magurudumu. Usigundishe kwenye magurudumu, utautoa upake rangi pembeni.

Wenye modeli za zamani zenye minyororo ya mpira, sikilizeni. Mafuta yanayolainisha mpira huo hutoka taratibu na kuyeyusha plastiki ya magurudumu yanayogusana nayo, na joto letu linaharakisha. Paka praima, yaani rangi ya msingi, na vanishi pande zote mbili kabla havijagusana. Kilicho salama zaidi ni kununua minyororo mingine.

Kwenye rangi, adui wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ni unyevu. Rangi za laka hukauka haraka. Thina inaporuka inapoza uso wa modeli, mvuke wa hewani unaganda juu yake, na rangi inageuka ya maziwa. Puliza asubuhi kavu au kwenye chumba chenye kiyoyozi, funga chujio la maji kwenye bomba la kompresa, na tanki ulitoe maji kila ukimaliza. Ikishatokea, pulizia thina tupu ya rangi hiyohiyo, kwa wepesi, na mara nyingi weupe huondoka. Thina ya wapaka magari msiitumie kwenye modeli hata tone. Inakula plastiki.

Praima iwe ya kijivu. Nawasihi msiweke praima nyekundu kwenye kifaru hiki, nitaeleza sababu muda si mrefu. Brashi ya hewa yenye sindano ya milimita 0.3, shinikizo la psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita nane hadi kumi, rangi nyepesi kama maziwa ya kunywa. Uso ukitoka na vipele, rangi imekauka kabla ya kufika: sogea karibu, punguza shinikizo, au ongeza kichelewesha ukaukaji. Ikitiririka, umekaa mahali pamoja.

Kijani cha kiwanda cha China kipunguzwe makali: ongeza sehemu moja ya rangi ya mchanga kwa sehemu nane au tisa za kijani. Kitu kidogo kinaonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile. Mabamba ya juu yaongezewe weupe kidogo zaidi, maana jua la saa sita katika nchi hizi linapiga wima na rangi ya paa hupauka kabla ya ile ya ubavuni. Zile mbinu za kupaka kila bamba giza upande mmoja na mwanga upande wa pili, kwa kifaru hiki sizipendi. Vumbi litafunika nusu ya kazi hiyo, na nusu inayobaki itapingana na mwanga wa chumba.

Stika za maji zinahitaji uso unaong'aa. Zikiwekwa juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa hubaki chini yake na utaona fedha inametameta. Vanishi ya kung'aa kwanza, stika, dawa ya kulainisha stika, halafu vanishi ya nusu mng'ao. Namba na alama zifuate picha ya kifaru kimoja mahususi. Mchoro wa boksi haufai kuwa shahidi.

Kubandua rangi kwa spreyi ya nywele: spreyi hupulizwa mara mbili kwa wepesi kabla ya rangi ya juu, yaani kabla ya kile kijani, kisha rangi ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji, na baada ya dakika 20 hivi lowesha kwa maji na sugua kwa brashi ngumu na kijiti cha meno. Rangi ikipunguzwa kwa thina ya laka haitabanduka, kwa sababu imeng'ata tabaka la chini. Ukiiacha hadi kesho itatoka kwa vipande vikubwa au isitoke kabisa. Ubandue wapi? Ukingo wa mfuniko wa dereva, njia ambayo askari wanakanyaga kupanda mnara, vishikio, kingo za madigadi ambazo ni bati jembamba, vifuniko vya masanduku. Kuta za mnara karibu haziguswi na mtu. Huko weka mikwaruzo myembamba ya matawi, inayokwenda mbele na nyuma, kwa kijani kilichopaushwa. Kifaru kilichokuwa vitani miezi michache hakina kutu kila pahali, kimekwanguliwa.

Baada ya hapo rangi ya majimaji ya kuingia kwenye mifereji: sehemu moja ya rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia nzito, kwa sehemu kumi au zaidi za tapentaini isiyo na harufu kali. Gusisha brashi kwenye kichwa cha skrubu na mfereji, iache itembee yenyewe. Subiri robo saa, vuta ziada kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, kutoka juu kwenda chini. Juu ya rangi isiyo na vanishi, tapentaini husambaa na kuacha duara lenye ukingo mweusi ambalo ni vigumu kulifuta. Na isiingie kwa wingi kwenye viungo vya mikono ya magurudumu na minyororo: plastiki iliyo katika mkazo hunyonya tapentaini na kupasuka, wakati mwingine baada ya siku nzima.

Tumefika kwenye udongo.

Udongo wa Kagera, na wa Masaka ng'ambo ya mpaka, mwingi ni mwekundu kwa sababu una oksidi ya chuma. Kutu nayo ni oksidi ya chuma. Hapa ndipo modeli nyingi za vifaru vya Afrika zinapoharibika: mjenzi anapaka praima nyekundu, anabandua rangi ikaonekana, anaongeza kutu ya chungwa, halafu anamwaga vumbi jekundu juu, na mtazamaji hawezi kusema kipi ni kipi. Kifaru kizima kinakuwa tofali. Ndiyo maana niliwasihi praima iwe ya kijivu. Mtenganisho ufanyike kwa kina cha rangi na mahali. Kutu iwe nyeusi, kahawia ya kahawa, na ikae sehemu chache: ekzosi, minyororo, kamba ya chuma ya kuvutia. Vumbi liwe jepesi, karibu na waridi iliyochanganyika na mchanga, na likae kwenye mabonde na mabamba ya ulalo. Tope bichi liwe jekundu lililokolea, na likae chini.

Unga wa rangi mmoja wa dukani hautoshi. Changanya sehemu tatu za manjano ya udongo, mbili za nyekundu ya oksidi, moja ya kijivu chepesi, hilo ni vumbi kavu. Kwa tope, geuza hesabu: nyekundu tatu, kahawia nzito mbili, manjano moja. Wanaotaka kutumia udongo halisi wa barabara ya moramu wanaweza, ila uanikwe, utwangwe, upepetwe kwa soksi ya nailoni, na ujaribiwe kwanza kwenye kipande cha plastiki, maana gundi inauletea giza sana na punje zinazometa hufichua skeli. Na vaeni barakoa. Unga huu haufai mapafuni.

Weka kwa matabaka matatu, na yasilingane. La kwanza ni la zamani: vumbi kavu lililochanganywa na tapentaini, lipakwe bodi ya chini yote, magurudumu, chini ya madigadi, kisha lifutwe kwa brashi kavu ya bapa kuelekea chini. La pili ni tope lililoganda: unga wa tope, plasta kidogo na gundi ya akriliki hadi uwe uji, uchote kwa brashi ngumu na uurushe kwa kuvuta nywele za brashi kwa kijiti. Funika mnara kwa karatasi kabla ya kurusha. Tope halisi hutupwa na mnyororo kwenda nyuma, kwa hiyo bamba la nyuma na mapipa ya mafuta hupata zaidi kuliko bamba la mbele, na nafasi kati ya magurudumu hujaa zaidi kuliko magurudumu yenyewe yanayojisafisha yakizunguka. La tatu ni bichi, lenye vanishi ya kung'aa kidogo, kwenye theluthi ya chini ya magurudumu na ndani ya minyororo tu. Machi ni mwanzo wa masika, na barabara ya Lukaya ilipita kwenye kinamasi. Modeli ya siku zile inastahili tope bichi. Modeli ya Januari haistahili.

Unga ushikishwe kwa tone la tapentaini linaloingia pembeni na kusambaa. Ukipulizia vanishi juu yake, vumbi la siku mbili linatoweka mbele ya macho yako.

Juu ya mnara na kifuniko cha injini vumbi liwe kwenye pembe na kuzunguka skrubu, na katikati pasafishwe, kwa sababu ndipo askari wanapokaa na kukanyaga. Mpira wa magurudumu usiwe mweusi kamwe. Kijivu chenye vumbi kinatosha. Minyororo ianzie kahawia nyeusi, ipate tope, halafu sehemu zinazogusa ardhi, pande za meno ya katikati na meno ya gurudumu la nyuma zisuguliwe kwa penseli ya 6B hadi zing'ae chuma.

Ekzosi ya kushoto sasa. Inapuliza juu ya mnyororo, kwa hiyo masizi yaende ubavuni na nyuma, meusi ya kahawia, yasiyong'aa, juu ya vumbi na chini ya tope bichi. Upande wa kulia una masanduku ya mafuta ya dizeli kwenye madigadi. Kuzunguka vifuniko vyake weka matone mawili au matatu ya kahawia nzito yenye mng'ao, yashuke kidogo. Dizeli ikimwagika inalowesha vumbi na kulitia giza, hivyo doa liwe na kingo laini. Pande mbili za kifaru zinakuwa na sura tofauti, kama ilivyo kweli.

Mezani kuna bodi tatu: moja ina praima, moja ina kijani, moja iko tayari kwa tope. Maji ya sabuni yako dirishani, barakoa ziko kwenye boksi la kushoto. Wanaoanza waje upande wa mnara wenye puti, kwa sababu inakauka upesi na ninataka kila mmoja aigonge kwa mkono wake kabla hatujafunga.